Kijiko na Kidonge

Baraza hili nimelijenga mwenyewe, usiende kulitafuta. Sauti zilizomo nimeziokota kwa mwaka mzima: kwenye foleni ya kliniki ya kisukari, kwenye maduka ya dawa za asili, na kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ambako kila alfajiri hakosekani shemeji wa kutuma picha ya tangawizi na ahadi ya kusafisha ini kwa siku 7. Nimeziketisha pamoja Ngamiani, Tanga, baada ya alasiri, barazani kwa Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandari. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, akaitwa. Sasa dele liko juu ya mkaa na kashata za karanga ziko kwenye sinia.

Waliopo ni Mzee mwenyewe. Maalim, mwenye duka la dawa za asili mtaa wa nyuma, ambaye cheti chake cha usajili kimetiwa fremu na kutundikwa juu ya mizani. Daktari, binti wa kaka yake Mzee, aliyekuja likizo. Na Kijana anayeuza vidonge vya lishe kwa simu. Mke wa Mzee yuko jikoni na mlango uko wazi.

MZEE: Karatasi yenyewe hii. Nimepigwa ultrasaundi ya tumbo kwa ajili ya figo, wakakuta ini. Lina mafuta, daraja la pili. Nikauliza dawa. Nikaambiwa punguza uzito, tembea. Yaani nimelipa hela ya kipimo ili niambiwe nikatembee!

MAALIM: Ndiyo maana watu huja kwangu. Kwangu hutoki mikono mitupu.

DAKTARI: Baba mdogo, shikamoo kwanza. Hiyo karatasi isikutishe, ila usiitupe. Ini la kila mtu lina mafuta kidogo. Yakionekana kwenye zaidi ya asilimia 5 ya seli zake ndipo tunasema ini lina mafuta. Duniani inakadiriwa watu wazima 3 katika kila 10 wako hivyo, na wengi wao halitawafikisha kokote. Wachache linaanza kuvimba ndani kwa ndani, makovu yanajijenga, mwisho linasinyaa na kuwa gumu. Shida ni kwamba haliumi. Mtu anatembea nalo miaka 15 bila kujua.

MZEE: Lakini mimi pombe sijawahi kuonja, wewe unajua.

DAKTARI: Najua. Mwaka 2023 wataalamu wa dunia walilibadilisha jina la ugonjwa huu kwa sababu ya watu kama wewe. Zamani uliitwa ugonjwa wa ini lenye mafuta usiotokana na pombe, yaani tuliuita kwa kitu ambacho sicho. Sasa unaitwa kwa chanzo chake, namna mwili unavyotumia sukari na mafuta. Ndiyo maana unafuatana na kisukari, presha na kitambi.

MZEE: Basi nimeshaacha mafuta. Mihogo nachemshiwa, samaki nachomewa.

DAKTARI: Vizuri. Lakini mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliyafuatilia mafuta ya ini kwa watu 9 wanene, wajue yametoka wapi. Asilimia 59 yalikuwa yametiririka kutoka kwenye akiba ya mwili wenyewe, yale ya tumboni na kwingineko. Asilimia 26 ini lilikuwa limeyatengeneza lenyewe, na malighafi yake kubwa ni sukari na wanga. Yaliyotoka moja kwa moja kwenye chakula cha mafuta yalikuwa asilimia 15. Chai yako ina vijiko vingapi vya sukari?

MKEWE (kutoka jikoni): Vinne. Na ni kile kikombe kikubwa cha bati.

Mzee akalitazama dele kana kwamba ndilo lililomsemea.

MAALIM: Haya, sukari ataipunguza. Lakini mafuta yaliyokwisha kuingia yatatokaje? Hapo ndipo mimea inapokuja. Angalia manjano. Wazee wetu mtu akiwa na macho ya manjano walimpa manjano. Hawakuwa wajinga. Leo wazungu wanachimba ndani ya kiungo hichohicho, wametoa kitu wanakiita kurukumini. Kama si kitu, wangehangaika nacho?

DAKTARI: Ni kitu, Maalim. Yamefanyika majaribio kwa watu, mengi nchini Iran, na katika kadhaa vimeng'enya vya ini vilishuka kwenye damu. Lakini mengi yalikuwa ya wiki 8 au 12, watu hawafiki 100, na waliokula manjano wakati mwingine waliambiwa pia wapunguze chakula. Kovu la ini linajengwa kwa miaka. Wiki 8 haziwezi kukwambia lolote juu ya kovu.

KIJANA: Ndiyo maana mimi nauza kidonge. Unga wa jikoni hautoshi. Kidonge kimoja hiki ni miligramu 500 za manjano yaliyokamuliwa, na kimetiwa pilipili manga ili yaingie mwilini.

Nikaomba kijiko kiletwe kutoka ndani. Napenda hesabu zinazoshikika. Kijiko cha chai cha unga wa manjano kina kama gramu 3, na katika unga huo kurukumini ni kama asilimia 3, yaani miligramu 90. Kidonge cha Kijana, kama boksi linasema kweli kwamba kimekamuliwa kwa asilimia 95, kina miligramu 475. Kwa hiyo kidonge kimoja ni kama vijiko vitano. Yeye anashauri viwili kutwa. Hakuna mpishi wa Tanga anayetia vijiko kumi vya manjano kwenye sufuria ya mtu mmoja, na akitia, hakuna atakayekula.

Na hiyo pilipili manga si mapambo. Manjano yakiliwa peke yake karibu yote hutoka kama yalivyoingia. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu gramu 2 za kurukumini pamoja na miligramu 20 za piperini, ambayo ndiyo ukali wa pilipili manga, wakakuta kiasi kinachofika kwenye damu kimepanda mara 20.

KIJANA: Si ndiyo nasema! Mara 20!

DAKTARI: Mara 20 ya faida, kama ipo. Na madhara je? Mwaka 2019 Italia ilipata kesi zaidi ya 20 za watu waliovimba ini baada ya kutumia vidonge vya manjano. Baadaye wizara yao ya afya ikalazimisha onyo liandikwe kwenye vifungashio. Na Marekani walichambua wagonjwa 10 wa aina hiyo, mmoja alifariki. Saba kati ya hao 10 walikuwa na chembe ileile ya urithi, kwa hiyo inaelekea kinga ya mwili wao ndiyo iliyoligeukia ini. Ni nadra, sikatai. Lakini walipata macho ya manjano kwa kula manjano.

MAALIM: Hao walikula vidonge. Mimi sijawahi kuona mtu aliyeharibiwa ini na mchuzi wa binzari.

DAKTARI: Mimi pia sijaona.

Hapo ukawa ukimya ambao sikuutegemea, kwa sababu wawili hao walikuwa wamekuja kubishana wao kwa wao. Maalim akavuta kibao akamgeukia Kijana.

MAALIM: Tena afadhali limesemwa. Nyinyi vijana mnatuharibia kazi. Mimi mtu akija namwuliza anaumwa nini, anakula nini, ana mimba, hana mimba. Nauza gome na majani, mtu anachemsha mwenyewe, uchungu wake unamzuia asizidishe. Wewe unauza boksi la maandishi ya dhahabu kwa mtu usiyemjua uso.

KIJANA: Mzee wangu, usinionee. Mimi nina utafiti. Subiri nisome. (Anafungua simu.) China, mwaka 2015, watu 184 wenye ini lenye mafuta, wiki 16. Waliopewa berberini, nusu gramu mara tatu kwa siku, mafuta ya ini yalipungua kwa asilimia 52.7. Zaidi ya nusu! Na berberini ni mmea mtupu. Jamii ya mti wake inaota hata kwenye milima ya huku kwetu Afrika Mashariki.

Utafiti huo ni wa kweli, nimeusoma. Berberini ni unjano mwingine, mchungu sana, unaopatikana kwenye magome na mizizi ya miti kadhaa. Wachina wameutumia kwa kuhara karne nyingi kabla haujaanza kuzungumzwa kwa ini.

DAKTARI: Endelea kusoma, usiishie hapo. Waliopewa mazoezi na mpangilio wa chakula tu, bila kidonge, yalipungua kwa kiasi gani?

KIJANA: Asilimia... 36.4.

DAKTARI: Na waliopewa berberini, nao walifanya mazoezi?

KIJANA: Walifanya.

DAKTARI: Basi sehemu kubwa ya hiyo 52.7 ilikuwa ni miguu yao. Kidonge kiliongeza, ndiyo, na mimi naheshimu hiyo nyongeza. Lakini wewe unamwuzia mtu kidonge bila miguu. Halafu berberini inaingilia ini linavyochakata dawa nyingine. Baba mdogo ana dawa ya presha, ya kisukari na ya kolesteroli. Ukimwongezea hiyo bila mtu kujua, inaweza kumpandishia dawa kwenye damu au sukari ikamwangusha usiku. Na mjamzito haifai kabisa.

MAALIM: Lakini Daktari, na wewe usijifanye dawa zako zimeshuka kutoka mbinguni. Hiyo ya kisukari anayokunywa ndugu yako, metformini, ilitoka wapi?

Swali zuri, na Maalim alilijua jibu. Huko Ulaya kuna mmea wa maua ya zambarau uitwao galega, uliotumika zamani kwa watu wanaokojoa sana. Ndani yake kuna kemikali ya jamii ya guanidini ambayo inashusha sukari lakini ni sumu. Kondoo wakiula mmea huo wanakufa. Wanakemia wakazitengeneza ndugu zake zilizo salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya metformini kwa wagonjwa wa kisukari. Leo ni kati ya dawa za kisukari zinazotumika zaidi duniani.

DAKTARI: Umenishika, Maalim. Ila hadithi ina mkia. Metformini hiyohiyo ilijaribiwa kwa ini lenye mafuta, ikashindwa. Inasaidia kisukari, lakini makovu ya ini haiondoi, na miongozo haishauri itolewe kwa ajili ya ini. Yaani mmea umetoka shambani, umesafishwa sumu, umepimwa kwa ini, umefeli, na tumeandika kwamba umefeli. Wewe kwenye duka lako, ni mmea gani uliwahi kufeli?

Maalim hakujibu. Akanywa kahawa.

Nataka kumtetea kidogo. Hana maabara. Serikali ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, na Muhimbili kuna taasisi nzima ya utafiti wa dawa za asili, lakini kumfuatilia mtu mmoja kwa miezi 12 kwa vipimo vya damu na picha ni gharama ambayo hakuna muuza magome anayeweza kuibeba. Anachokumbuka ni waliorudi kushukuru. Waliokwenda hospitali hawapiti tena mtaa wake. Daktari naye ana upofu wa aina hiyohiyo, ila wa upande wa pili: yeye huwaona waliodhurika.

MZEE: Sasa mimi niliyekaa hapa, nifanye nini? Tuache Italia na China.

DAKTARI: Nikupeleke Cuba basi, ndiyo safari ya mwisho. Mwaka 2015 madaktari wa Havana walitoa matokeo ya watu 293 ambao ini lilikuwa limeshaanza kuvimba. Hakuna dawa. Chakula kilipunguzwa, wakatembea, mwaka mzima. Waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, uvimbe uliisha kwa 9 kati ya 10. Na karibu nusu yao hata makovu yalirudi nyuma. Mmea wa kufikia hapo sijauona. Wewe una kilo 92. Kilo 9 zinakutosha, na hata 5 utaona mabadiliko.

MAALIM: Watu wangapi katika hao 293 walifika hiyo asilimia 10?

DAKTARI: ...Ishirini na tisa.

MAALIM: Ishirini na tisa! Mmoja katika kumi! Na walikuwa na madaktari wanawafuata mwaka mzima. Hao tisa waliobaki unawaambiaje? Ndio wateja wangu hao. Hawaji kwangu kwa ujinga. Wamejaribu kutembea, goti likauma, wakapoa.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa jioni ile, na sikuona Daktari akiipangua. Alichosema ni kwamba hata nusu ya njia ina faida, na kwamba sasa dawa za hospitali zimeanza kupatikana. Machi 2024 Marekani iliidhinisha ya kwanza mahsusi kwa ini hilo likiwa na makovu, resmetiromu. Agosti 2025 ikaidhinisha semaglutidi kwa kazi hiyo, ile sindano ya kupunguza uzito. (Kundi la sindano hizo, kwa taarifa yako, lilifunguliwa mlango na kemikali iliyogunduliwa kwenye mate ya mjusi mkubwa wa jangwa la Amerika. Asili haiishii kwenye majani.)

MZEE: Bei?

DAKTARI: Hiyo ya kwanza ilipotoka kule Marekani, dola 47,400 kwa mwaka.

MZEE: Uza nyumba hii na ya jirani, haifiki.

KIJANA: Basi mpeni mbigili wa Ulaya. Silimarini. Huo hata madaktari wanautumia.

DAKTARI: Wanautumia, na kuna jambo mmea huo unalifanya vizuri: mtu aliyekula uyoga wa sumu, ule wa Ulaya unaoua ini, huchomwa dawa iliyotokana na mbigili huo kwenye mshipa, kwa sababu inaziba mlango ambao sumu hupitia kuingia kwenye seli. Lakini kwa ini lenye mafuta, Malaysia waliujaribu vizuri kabisa: watu 99, wiki 48, miligramu 700 mara tatu kwa siku, ini likachukuliwa nyama na kutazamwa kwa hadubini kabla na baada. Waliopata nafuu iliyokusudiwa walikuwa asilimia 32.7. Waliopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa, 26. Tofauti hiyo ni ndogo, inaweza kuwa bahati tu. Dalili za kusaidia kovu zilikuwepo, ila za kutaka kupimwa tena. Haukumdhuru mtu. Kwa hiyo mtu akiniambia anaunywa sigombani naye, namwuliza tu ameununua wapi.

Hapo nikakumbuka kitu, nikaingilia. Mbigili huo wa dawa una majani ya miiba yenye mishipa myeupe kama iliyomwagiwa maziwa. Sasa mchukue mtu aliyeuona kwenye picha ya simu tu, umpeleke pembezoni mwa shamba la mkonge. Atakachokutana nacho ni mbaruti: miiba, majani yenye michirizi myeupe, ua la njano, utomvu wa njano. Mbegu za mbaruti zina sanguinarini. Mwaka 1998 mafuta yake yaliingia kwenye mafuta ya haradali mjini Delhi, watu wakavimba miguu, moyo ukashindwa kazi, na zaidi ya 60 wakafa. Mmea huota kila mahali na haudaiwi kodi.

MAALIM: Mbaruti simpi mtu anywe. Huo nautambua hata gizani.

DAKTARI: Wewe, ndiyo. Na mwarobaini unampa mtu?

MAALIM: Majani, kidogo, kwa homa. Huo ni mti wa maradhi arobaini.

DAKTARI: Na ugonjwa wa arobaini na moja nikutajie? Malaysia tena, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watoto wachanga walinyweshwa mafuta ya mbegu za mwarobaini kwa kikohozi. Wakatapika, wakapata degedege, wengine wakafa. Maini yalipotazamwa yalikuwa yamejaa mafuta. Hawakuwa na kisukari wala kitambi, walikuwa watoto wa miezi. Majani kidogo kwa mtu mzima ni habari nyingine, nakubali. Lakini usiniambie mmea hauwezi kutia ini mafuta. Na wale ndugu zetu wa kaskazini mwa Ethiopia waliovimba matumbo na kufa tangu mwaka 2001, wilaya ya Tahtay Koraro, ilikutwa ni sumu ya magugu iliyoingia kwenye nafaka. Na huku kwetu ukungu wa mahindi: Kenya mwaka 2004 uliua watu 125. Vyote hivyo ni vya asili.

Nikiri kwamba Daktari hapa alipiga ngoma zaidi ya ilivyohitajika. Ukungu wa mahindi hauuzwi dukani kwa Maalim. Lakini alikuwa na haki ya kulivunja neno "asili", ambalo limekuwa kama mhuri wa ubora: likibandikwa kwenye chupa, hakuna anayeuliza tena kiasi.

Msimamo wangu mimi ni huu, na nimeufikia taratibu. Manjano kwenye mchuzi, tangawizi kwenye chai isiyo na sukari, kitunguu saumu, mchaichai, rosela: hivyo ni chakula, kwa kiasi chake cha kawaida, na mtu asiletewe vitisho vya Italia kwa kijiko cha binzari. Mara tu mmea unapokamuliwa, ukazidishwa mara kumi, ukatiwa kitu cha kuusukuma uingie kwenye damu, umeacha kuwa chakula. Ni dawa, na uhukumiwe kama dawa: nani ameupima, kwa kipimo gani, umemdhuru nani, unagombana na nini. Mfano ni chai ya kijani. Imenywewa karne na karne. Mwaka 2003 Ufaransa na Uhispania ziliondoa sokoni dawa ya kupunguza unene iliyokamuliwa kutoka chai hiyo kwa sababu ya ini, na mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema miligramu 800 kwa siku za kemikali yake kuu, kwa vidonge, zinapandisha vimeng'enya vya ini. Jani ni lilelile.

Na yule anayeambiwa ana homa ya ini aina ya B, asidhani mjadala huu unamhusu. Hicho ni kirusi, kina dawa zake, na kuziacha kwa ajili ya chupa ya mizizi ni hatari ya waziwazi.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi ndipo Muuza kahawa, aliyekuwa akisuuza vikombe kwenye ndoo muda wote huo, akauliza kana kwamba anauliza bei ya makaa.

MUUZA KAHAWA: Na kahawa je? Nayo si mti?

DAKTARI: (anacheka) Nilikuwa nasubiri mtu aulize. Uingereza waliwafuatilia watu 494,585, wakatoa matokeo mwaka 2021. Wanywaji wa kahawa walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa sugu wa ini kwa asilimia 21, na ya kufa kwa ugonjwa huo kwa asilimia 49. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa vikombe vitatu, vinne kwa siku. Hata kahawa iliyoondolewa kafeini ilisaidia.

MUUZA KAHAWA: Alhamdulillahi.

MAALIM: Hapo hamna kidonge kitupu, hamna hadubini! Umewatazama wanywaji tu. Pengine ni watu wenye afya zao tangu mwanzo. Mbona leo umelegeza masharti?

DAKTARI: Umesema kweli kabisa. Ni kuwatazama tu, si jaribio. Ndiyo maana sitampa mtu kahawa kama dawa. Ila kama anainywa tayari, sitamkataza. Baba mdogo, wewe umekunywa vingapi?

MZEE: Saba. Lakini vikombe vyenyewe hivi, tone.

Kweli ni tone. Kikombe cha kahawa cha baraza, kisicho na mkono, kinakaa katikati ya vidole vitatu. Vitatu au vinne vyake ndiyo kikombe kimoja cha Mwingereza. Kwa hesabu hiyo Mzee alikuwa amekunywa kama viwili, bila sukari, vichungu kama ilivyo desturi. Tatizo lilikuwa kwenye sinia. Kashata sita zilikuwa zimekwenda, na kashata ni sukari iliyogandishwa, karanga zimeshikilia tu.

MKEWE (yuko mlangoni sasa, ameshika kile kikombe cha bati): Na mimi ndiye ninayepika, mbona hakuna aliyeniuliza kitu? Mnamgawana mtu vidonge na magome, wali wake wa usiku mmeujua ni sahani gani?

DAKTARI: Mama mdogo, nionyeshe hiyo sahani.

Ililetwa. Ni sinia ndogo ya maua, na mkewe akachora kwa kidole mpaka wali unapofika: robo tatu. Samaki kipande pembeni, mchicha vijiko viwili. Daktari akafuta mstari ule akachora mwingine, mchicha nusu, wali robo. Mzee akaangalia mstari mpya kwa muda mrefu, kama mtu anayepimiwa kiwanja upya. Maalim ndiye aliyesema kwamba mchicha nao ni mmea.

Kijana alikuwa ameshaondoka, kuna mteja alimpigia. Aliacha boksi moja la dhahabu mkekani, sampuli. Daktari alilisoma pande zote, akakuta jina la kampuni na picha ya mlima, lakini hakukuta namba ya usajili wala kiasi cha kila kiungo. Maalim akalichukua, akalipima mkononi, akasema hata yeye kwenye karatasi za gazeti huandika jina la mti.

Kuna jambo moja walilokubaliana wawili hao bila ubishi, nami nakukabidhi wewe msomaji. Siku ya kliniki usiiache nyumbani dawa yako ya mitishamba kwa kuona haya. Ibebe, hata kama ni unga kwenye chupa ya jemu isiyo na maandishi. Na kile kijiko unachopimia, kibebe pia.